Trekta Haliji: Somo la Kutafuta Hitilafu katika Kiigaji cha Urubani

Kiigaji cha urubani ni chombo kinachomwezesha mtu kujifunza kurusha ndege bila ya kupaa. Edwin Link wa Marekani alitengeneza chombo cha namna hiyo mwaka 1929, nacho kiliendeshwa kwa mivukuto kama ile ya kinanda cha kanisani. Siku hizi kazi hiyo hufanywa hata na kompyuta ya nyumbani. Microsoft Flight Simulator, iliyotolewa mwaka 2020, hupokea pia programu za nyongeza. Baadhi yake huleta huduma za kiwanjani: ngazi za abiria, magari ya mizigo na ya mafuta, na trekta la kuisukuma ndege nyuma.

Tuseme mwanafunzi ameagiza trekta, lakini haliji. Au lori la mafuta linapenya ukuta wa jengo. Wengi hukimbilia kufuta kila kitu na kuanza upya. Mwandishi wa makala haya aliwahi kufanya hivyo. Alipoteza mipangilio aliyoikusanya kwa miezi kadhaa, na hitilafu ilirudi siku ya pili, kwa kuwa chanzo chake hakikujulikana. Tutazame njia iliyo bora.

Mahali pa kuanzia

Yafaa kuanza na uchunguzi usiogharimu kitu. Huduma za kiwanjani hufuata masharti kama yale ya kiwanja halisi. Kwa kawaida ndege iwe imesimama mahali palipowekwa kwa maegesho, breki ya kuegeshea iwe imefungwa, injini zizimwe, na taa nyekundu ya tahadhari izimwe pia. Sharti moja likikosekana, programu hukataa kutoa huduma, na kukataa huko si hitilafu.

Pili, tuangalie mawasiliano. Programu ya huduma mara nyingi hujiendesha kando, ikizungumza na kiigaji kupitia daraja liitwalo SimConnect. Ikiwa haikuwashwa, au ikiwa kiigaji kimepata toleo jipya nayo ikabaki na la zamani, mazungumzo hayo huweza kukatika. Hapo hata orodha ya huduma huenda isitokee.

Tatu, tuangalie migongano. Magari hupata njia zake kutoka katika data za kiwanja: mahali pa maegesho, upana wake, na barabara za magari. Vifurushi viwili vikieleza kiwanja kimoja kwa namna mbili tofauti, gari hufuata ramani moja ilhali macho yetu yanaona majengo ya ramani nyingine. Ndiyo maana lori hupenya ukuta.

Kugawa kwa nusu

Vifurushi vya nyongeza hukaa katika folda iitwayo Community, na kiigaji huvisoma kinapowashwa. Tuchukulie kwamba mna vifurushi 64 mbali na programu ya huduma yenyewe. Hamishia vyote 64 katika folda nyingine, bila ya kufuta hata kimoja, kisha washa kiigaji. Hitilafu ikitoweka, chanzo kimo miongoni mwao.

Kuvijaribu kimoja kimoja huweza kuhitaji majaribio 63. Badala yake, rudisha 32. Hitilafu ikionekana, mkosaji yumo humo; isipoonekana, yumo katika nusu ya pili. Endelea hivyo: 32, 16, 8, 4, 2, 1. Majaribio 6 yatosha, kwa kuwa 2 ikizidishwa yenyewe mara 6 hutoa 64. Ikiwa kila jaribio huchukua dakika 5, tunatumia nusu saa badala ya saa 5 na robo. Mwishowe rudisha vyote isipokuwa mkosaji. Hitilafu isiporudi, jibu limethibitika.

Hata hivyo, njia hii huchukulia kwamba mkosaji ni mmoja. Katika mgongano wakosaji ni wawili, na kila nusu peke yake huweza kuonekana safi. Jambo hilo likitokea, acha nusu ya pili nzima mahali pake, ugawe ile ya kwanza tu. Baada ya majaribio 5 utampata mmoja. Mwache huyo ndani, kisha ugawe nusu ya pili kwa njia ile ile, majaribio 5 mengine.

Katika kila hatua badilisha jambo moja tu, na uandike katika daftari ulichobadilisha na ulichokiona. Mwalimu asiye na kompyuta aweza kufundisha somo hili kwa taa za mapambo zilizounganishwa mfululizo, ambapo balbu moja iliyoungua huzima zote.

Maswali

1. Vifurushi vikiwa 100 na mkosaji ni mmoja, yahitajika majaribio mangapi kwa wingi?
2. Kwa nini programu ya huduma yenyewe haiondolewi wakati wa kugawa?
3. Eleza kwa nini kuhamisha ni bora kuliko kufuta.