Kujitathmini baada ya kutoa mada

Swali: Mtaalamu aliyetoa mada Riyadh au Jeddah ajipime vipi?

Jibu: Tathmini huanza siku ileile. Kwanza huandikwa maswali yote yaliyoulizwa, kwa maneno ya waulizaji. Hayo hupima vizuri kuliko makofi, kwa kuwa hufichua hoja isiyoeleweka. Kisha husikilizwa rekodi, hasa kasi ya usemi. Katika Benki ya Maendeleo ya Kiislamu, yenye makao makuu Jeddah, au kongamano la teknolojia la LEAP lililoanza Riyadh mwaka 2022, huenda baadhi ya wasikilizaji wakamfuata msemaji kupitia mkalimani. Msemaji akiharakisha, takwimu ndizo hupotea upesi. Mkalimani mwenyewe aulizwe alipoachwa nyuma. Wachache hukumbuka kufanya hivyo.