Kamera na Mbu

Bwana afya atakaye kujua kama mbu fulani aweza kuchukua malaria hutazama viungo vidogo mno. Mbu wachukuao malaria ni wa jamii ya Anofelesi. Jike lake lina vipapasio viwili vya kinywani, na urefu wake wakaribia kuwa sawa na mrija wa kunyonyea damu. Vipapasio vya jike la jamii ya Kuleksi ni vifupi. Basi picha isiyoonyesha viungo hivyo haimfai bwana afya, hata ikiwa nzuri namna gani. Walakini kumpiga mbu picha iliyo dhahiri mwili mzima ni kazi ngumu, na sababu yake ni hii.

Lenzi, yaani kile kioo kilichotuna cha kamera, hukusanya miale ya nuru itokayo katika kila nukta ya kitu, na kuikutanisha tena katika nukta moja juu ya filamu, au juu ya kipande kipokeacho nuru katika kamera za siku hizi. Lakini lenzi hutengenezwa kwa umbali mmoja tu kila mara. Nukta iliyo mbele au nyuma ya umbali huo hufanya duara badala ya nukta. Duara likiwa dogo sana, jicho halitambui. Likikua, picha huingia ukungu. Nafasi yote, toka mbele hata nyuma, ambamo vitu huonekana dhahiri, na iitwe kina cha udhahiri.

Kitu kikiwa mbali, hatua moja haibadili sana mahali miale ikutanapo. Kikiwa karibu, hata unene wa ukucha hupabadili. Kwa kamera ya filamu ya milimita 35, yenye lenzi ya milimita 50 na tundu la namba 8, mtu aliye mbali mita 3 hupata kina cha karibu mita 2. Lakini mdudu akikaribiwa hata sura yake juu ya filamu iwe sawa na ukubwa wake mwenyewe, kina hubaki milimita 1 tu. Jicho la mbu huonekana, na mguu wake hupotea.

Fanya jaribio hili mchana penye nuru nyingi. Fumba jicho moja, ukasogeze kitabu karibu na jicho la pili mpaka herufi zisisomeke. Kisha toboa karatasi kwa sindano, ukatazame kwa tundu hilo. Herufi zitasomeka, ila ukurasa utakuwa na giza kidogo. Tundu jembamba huzuia miale ya pembeni, na yale maduara hupungua.

Ndivyo afanyavyo mpiga picha: hupunguza tundu la lenzi. Namba kubwa ni tundu dogo, kama vile thumni ilivyo ndogo kuliko robo. Akitoka namba 8 kwenda 16, kina huongezeka mara mbili, lakini nuru hupungua hata robo yake. Basi yampasa kuiacha kamera wazi mara nne ya muda wa kwanza, na mbu akitikisika, picha huharibika. Tena tundu likizidi udogo, nuru hutawanyika na picha yote hupoteza ukali wake.

Kwa hiyo mpiga picha mwenye akili humpiga mbu kwa ubavu, ili kichwa, mrija na mkia viwe katika umbali mmoja. Siku hizi wengine hupiga picha nyingi za mbu asiyejongea, kila moja kwa umbali uliozidi kidogo, kisha kompyuta huchagua sehemu zilizo dhahiri na kuziunga ziwe picha moja.

Maswali
1. Kina cha udhahiri ni nini?
2. Kwa nini tundu dogo huhitaji muda mrefu zaidi?
3. Mbu akipigwa picha kwa mbele, mrija ukielekea kamera, ni viungo gani vitakavyopotea? Eleza sababu.