Udongo Shambani, Mahindi Ghalani

Wakulima wa Muhoroni, Koru, Songhor na Chemelil, na ninyi mlio chini katika tambarare ya Kano, somo letu la mwezi huu ni kuhifadhi. Wengi wakisikia neno hili hufikiri habari ya ghala tu. Lakini gunia la mahindi huanza kupotea kabla halijavunwa, siku ile mvua kubwa inapoiangukia ardhi iliyolimwa na isiyo na kizuizi.

Nenda ukasimame kando ya mto Nyando baada ya mvua ya usiku kucha. Maji yake yana rangi ya chai ya maziwa. Rangi ile ni udongo wa juu wa mashamba, pamoja na samadi uliyoitia kwa jasho lako. Unakwenda Ghuba ya Winam, na huko chakula kilichokuwa cha mahindi yako huyalisha magugu maji, yale yale yanayowazibia wavuvi wa Kisumu njia ya mitumbwi.

Tufanye hesabu kidogo. Tabaka la udongo lenye unene wa milimita 1 likiondoka, huwezi kuliona. Lakini katika eka moja, yenye mita za mraba 4,047, tabaka hilo ni mita 4 za ujazo, na uzito wake ni karibu tani 5. Ungepewa koleo na kuambiwa uzirudishe tani hizo mlimani, ungeikataa kazi.

Mahali maji yalipoachwa miaka mingi, hasara huonekana kwa kila mtu. Makorongo ya Katuk Odeyo, katika Nyakach, yamemeza mashamba na njia. Korongo huanza kwa kitu kidogo: njia ya ng'ombe, mtaro wa barabara, au mpaka wa shamba. Mpaka ndio shida kubwa ya maskimu yetu. Ardhi ilipokatwa katika miaka ya 1960, mipaka mingi ilichorwa kwa mistari iliyonyoka, na kilima hakikuulizwa. Basi mkulima hulima akifuata mpaka wake, juu mpaka chini, na kila mfuo wa jembe huwa bomba la maji.

Dawa yake ni kulima kwa kukingama mteremko. Usitafute mstari huo kwa macho, maana macho hudanganya, hasa penye mteremko mdogo. Tengeneza kipimo. Chukua miti miwili yenye urefu wa mita 2 na zaidi kidogo, uifunge pamoja juu, na miguu yake ipanuke mita 2 chini. Funga mti wa tatu kwa kukingama katikati, upate umbo la herufi A. Kutoka kileleni ning'iniza kamba yenye jiwe, iwe timazi, ipite mbele ya mti uliokingama.

Sasa tafuta alama ya usawa. Simamisha kipimo, tia kigingi penye kila mguu, na ukate alama mahali kamba inapogusa mti. Kisha kigeuze, mguu wa kulia ukae mahali pa wa kushoto, ukate alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Wengi huiruka hatua hii ya kugeuza, kisha hushangaa tuta lao kuvunjika kwa mvua ya kwanza.

Ukiisha kupata alama, tembeza kipimo shambani: mguu mmoja ubaki, mwingine uuzungushe mpaka kamba itulie penye alama, kisha tia kigingi. Mstari utapindapinda. Uache upinde, maana kilima ndivyo kilivyo.

Nafasi kati ya mstari na mstari hupatikana hivi: simama juu ya mstari wa chini, utazame mbele sawasawa kuelekea mlimani. Mahali macho yanapogonga ardhi ndipo mstari wa pili. Penye mteremko unaopanda mita 1 kwa kila mita 10, mtu wa kimo cha kawaida atapata nafasi ya mita 16 hivi. Mteremko ukiwa mkali mara mbili, mita 8. Basi pima ukianzia chini, lakini chimba ukianzia juu. Tuta la chini likichimbwa peke yake litabeba maji ya shamba zima, wala halitaweza.

Chimba mtaro wa futi 2 kwenda chini na futi 2 kwa upana, na udongo wote uutupe upande wa juu. Acha ukingo wa futi 1 kati ya mtaro na tuta, udongo usirudi. Juu ya tuta panda nepia au nyasi nyingine ya kushika ardhi. Kazi hii huitwa fanya juu, na jina hilo la Kiswahili wataalamu wa nchi nyingine wamelichukua lilivyo katika vitabu vyao. Zamani za ukoloni kazi ya matuta ilichukiwa, maana watu walilazimishwa. Mwaka 1948 wanawake wa Murang'a waliandamana kuikataa. Hatuwezi kuwalaumu. Mtu aliyelazimishwa huchimba mstari wa kumridhisha msimamizi. Wewe wachimba kwa ajili ya shamba lako, basi pima mwenyewe.

Kwa kuwa mvua za Koru na Songhor ni nyingi, mtaro usikae sawa kabisa. Uteremke kidogo, sentimita 25 hadi 50 kwa kila mita 100. Kibao cha unene wa sentimita 1, kikifungwa chini ya mguu wa mbele wa kipimo chako, kitakupa sentimita 50. Lakini uteremke kwenda wapi? Hapa ndipo ugomvi wa majirani huanzia. Ukiyaelekeza maji mpakani na kuyaacha hapo, umemchimbia mwenzako korongo, na korongo likikua hupanda kurudi kwako. Keti na jirani wa chini, na ikiwezekana Bwana Shamba awepo, mkubaliane njia moja ya maji iliyopandwa nyasi, kila mmoja akitoa mita chache. Ni ardhi, kweli, lakini nyasi zake zitakatwa na kulisha ng'ombe. Nyasi zishike kwanza, ndipo maji yafunguliwe.

Kwa wakulima wa Kano, udongo mweusi hupasuka wakati wa kiangazi, na mitaro hii haidumu. Ninyi pandeni juu ya matuta yenye mitaro midogo ya kutoa maji. Wenye miwa, msichome majani makavu baada ya kuvuna. Yalazeni kati ya mistari. Na mahali kayongo amezidi katika mahindi, jaribuni kupanda desmodiamu katikati ya mistari, na nepia pembeni, kama kituo cha ICIPE cha Mbita kilivyofundisha tangu miaka ya 1990. Hufunika udongo, humpunguza kayongo, na ni malisho.

Sasa twende ghalani. Mahindi ya Julai na Agosti mara nyingi hurudi nyumbani na unyevu. Yaanike juu ya turubai, si juu ya ardhi tupu. Ujue hivi kama yamekauka: tia punje katika chupa kavu pamoja na chumvi kavu kidogo, tikisa, uache kwa dakika chache. Chumvi ikishika kioo, anika tena.

Usiyapukuchue kwa kuyapiga fimbo, maana punje iliyovunjika ni mlango wa wadudu. Lakini yapukuchue upesi, kwa kuwa dumuzi, mdudu aliyeonekana Kenya katika miaka ya 1980, hustawi zaidi katika mahindi yaliyo bado kwenye magunzi. Dero ya zamani ilifaa kwa mahindi ya magunzi kabla huyu hajafika. Mahindi yaliyokauka yatie katika gunia la tabaka tatu, toa hewa kwa kulikandamiza, na ufunge kila tabaka peke yake. Wadudu waliomo humaliza hewa na kufa. Liweke juu ya mbao, mbali na ukuta, na usilifungue kila wiki kutazama, maana kila ukifungua unawapa hewa.

Gunia hilo haliponyi mahindi yaliyoingia na unyevu. Ukungu wake huleta sumu isiyoondoka kwa kupika wala kwa kusaga. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 nchini, wengi wao katika Makueni na Kitui. Punje zenye ukungu zitenge, usiwape watoto, usiwape kuku wala ng'ombe wa maziwa, na usizipeleke kwa mpika pombe.