Chenga za Magunzi Dhidi ya Viluwiluwi vya Mbu

Ukimwona mhudumu wa mtaa akirusha chenga za rangi ya udongo kwenye dimbwi, usidhani anamwaga takataka. Anaua mbu kabla hajaota mbawa.

Chenga hizo ni nini?
Ni magunzi ya mahindi yaliyosagwa, yakabebeshwa bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis israelensis, kwa kifupi Bti. Aligunduliwa mwaka 1976 katika jangwa la Negev, Israeli. Dar es Salaam, mpango wa kudhibiti malaria ulianza kumtumia katika kata tatu mwaka 2006.

Kwa nini magunzi, na dawa ya maji ipo?
Dawa ya maji, kama ile inayotengenezwa Kibaha katika kiwanda kilichozinduliwa mwaka 2015, hufaa mahali pa wazi. Ikipulizwa penye nyasi ndefu, nyingi hunasa majanini. Chenga ina uzito: hupenya nyasi, hutua majini na kuachia bakteria. Gunzi lenyewe huoza, halibakizi plastiki.

Bti inauaje?
Kiluwiluwi huimeza anapokula. Tumbo lake lenye alkali huyeyusha fuwele za protini za Bti, nazo hutoboa utumbo wake. Kwa kawaida hufa ndani ya saa 24. Pupa na mbu mzima hawadhuriki, kwa kuwa hawaimezi.

Je, ni salama?
Tumbo la binadamu lina asidi, hivyo sumu hiyo haifanyi kazi humo. Samaki, kuku na nyuki hawadhuriki kwa kipimo kilichoelekezwa, ingawa baadhi ya visubi wa majini, jamaa wa mbu, wanaweza kufa. Anayerusha avae glavu na barakoa, asivute vumbi lake.

Kurusha mara moja kunatosha?
Hapana. Jua huidhoofisha Bti, nayo huzama, huku mbu wakiendelea kutaga. Kwenye joto, yai huweza kuwa mbu mzima kwa wiki moja hadi mbili. Ndiyo maana Dar es Salaam madimbwi ya wazi yalirudiwa kila wiki.

Mwananchi afanye nini?
Dimbwi linalofukika, lifukie, pipa lifunike, mfereji uzibue. Chenga ni za maji yasiyoweza kuondolewa. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko, na mwonyeshe mhudumu mazalia yaliyojificha uani kwako. Usiku ukifika, lala ndani ya chandarua: Bti haimgusi mbu aliyekwisha kuruka.