Maharage Tena? Usinune, Soma Kwanza

Kengele imelia. Umeshika sahani, unachungulia kwenye sufuria: ugali na maharage, kama jana, kama juzi. Rafiki yako anasema, "Mimi sili, nangoja nyama ya Jumapili." Analala na njaa, kesho yake anasinzia darasani. Je, yuko sahihi? Hebu tuone.

PROTINI INA KAZI GANI?

Protini hujenga misuli, damu, ngozi na kinga ya mwili. Wewe bado unakua, hivyo unaihitaji kila siku. Kijana mwenye uzito wa kilo 50 anahitaji gramu 45 hivi kwa siku.

Angalia vyakula hivi:

- Nyama iliyopikwa, gramu 100: protini gramu 26 hivi
- Maharage yaliyopikwa, kikombe 1: gramu 15
- Maziwa, glasi 1: gramu 8
- Karanga, kiganja 1: gramu 7
- Yai 1: gramu 6

Kumbe vikombe viwili vya maharage havishindwi na kipande hicho cha nyama!

SASA TOFAUTI IKO WAPI?

Protini imeundwa na asidi amino. Aina 9 kati ya hizo mwili hauwezi kuzitengeneza, lazima zitoke kwenye chakula. Nyama, samaki, mayai na maziwa vina zote kwa kiasi cha kutosha. Mahindi yana upungufu wa lisini, lakini maharage yanayo tele. Maharage nayo yana upungufu wa methionini, na hapo mahindi yanasaidia. Bibi anayepika makande huenda hakusoma kemia, lakini amepatia!

Hata hivyo, tusidanganyane. Vyakula vya mimea kwa kawaida havina vitamini B12. Tena, madini ya chuma yaliyomo kwenye nyama na samaki huingia mwilini kwa urahisi kuliko ya kwenye maharage. Dada, hili linakuhusu zaidi kwa sababu unapoteza damu kila mwezi. Ukichoka ovyo, ukiona kizunguzungu, au moyo ukienda mbio kwa kazi ndogo, nenda zahanati upimwe damu. Usione aibu.

FANYA HIVI

1. Usiache kula maharage, kunde, choroko au mbaazi. Mwili hauwezi kungoja Jumapili.
2. Kula pamoja na chungwa, pera au embe. Vitamini C husaidia mwili kupata madini ya chuma. Chai inazuia, kwa hiyo inywe baadaye, si pamoja na chakula.
3. Ukipata nafasi, ongeza yai, maziwa au dagaa. Dagaa wachache tu wanasaidia sana.

JIPIME

1. Kwa nini makande ni bora kuliko mahindi matupu?
2. Andika ulichokula jana. Je, ulifikisha gramu unazohitaji?
3. Utamwambia nini rafiki anayengoja nyama?