Grindleford: Anza na Msitu, Kisha Panda Kwenye Hetha

Treni inayotoka Sheffield kwenda Manchester huingia kwenye handaki la Totley, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 5, na ikitoka gizani tu umeshafika Grindleford. Usisinzie, maana safari nzima ni kama robo saa. Si kila treni husimama hapo, kwa hiyo hakikisha yako inasimama kabla hujakata tiketi. Hata ukiwa na gari, liache. Siku za mapumziko maegesho hugombaniwa, ilhali stesheni iko hatua chache tu kutoka mwanzo wa njia.

Mzunguko huu wa kutembea kwa miguu uko katika Peak District, hifadhi ya taifa ya kwanza ya Uingereza, iliyotangazwa mwaka 1951. Ni kilomita 10 na ushee. Mtu anayesimama kula na kupiga picha atautembea kwa saa nne au tano. Hakuna geti, kiingilio wala ulazima wa kuajiri mwongozaji. Unaweza kuanzia upande wowote, ila mimi nakushauri uanze na msitu. Ukitoka humo utakuwa umeshaiona hali ya mawingu huko juu, na kama hairidhishi unageuza kabla hujafika mahali pasipo kivuli wala kinga.

Kutoka stesheni fuata barabara ndogo inayovuka reli, kisha kijito cha Burbage, halafu ushike njia ya kulia inayopanda korongo la Padley Gorge, maji yakiwa mkono wako wa kulia. Hapa ni mialoni mifupi iliyojipinda, kuvumwani hadi kwenye matawi, na mawe makubwa ambayo kijito kinayaruka kwa kelele. Mizizi imetanda njiani na huteleza hata siku ya jua. Utakuta gogo lililoanguka ambalo wapita njia wamelipigilia sarafu kwa mawe, mamia kwa mamia, nyingi zimepinda kwa kipigo na kushika kutu ya kijani. Wanaamini linaleta bahati. Nadhani pesa hizo zingefaa zaidi kwenye chai.

Msitu unakwisha ghafla na unatokea kwenye majani, eneo la Longshaw. Jumapili ya kiangazi familia za mjini hujaa hapa, watoto wakichezea maji. Vyoo na mkahawa viko upande wa pili wa bonde, karibu na jumba lililokuwa makazi ya uwindaji ya Duke wa Rutland. Vitumie, maana njiani mbele hakuna tena. Ardhi hii ilipouzwa mwaka 1927, wakazi wa Sheffield, wakihamasishwa na Ethel Haythornthwaite, walichangishana wakainunua, na mwaka 1931 ikakabidhiwa kwa shirika la uhifadhi la National Trust.

Ukifuata kijito utafika barabara kuu, A6187, magari yanapita kasi. Mtu wa Dar es Salaam, Kampala au Nairobi hapati shida, magari ya kwanza yanatokea kulia kama kwao. Aliyezoea Goma, Bujumbura au Kigali aangalie mara mbili.

Ng'ambo ya barabara ndiko hetha inakoanza. Ni kichaka kigumu kinachoishia magotini, na mwezi Agosti hadi mwanzo wa Septemba vilima vyote hugeuka zambarau. Aliyepanda Kilimanjaro kutoka Mandara kwenda Horombo ameshapita kwenye jamaa zake, ila wale wa mlimani hukua kuwa miti. Chini ya hetha kuna udongo mweusi wa mimea iliyooza nusu, unaoshika maji, kwa hiyo vaa viatu vya kupandia vinavyobana vifundo. Udongo huohuo ukikauka huungua chini kwa chini kwa siku nyingi. Usiwashe moto, usichome nyama, usitupe kichungi cha sigara.

Panda kwanza Carl Wark, ngome ya kale yenye ukuta wa mawe ambayo wataalamu bado wanabishania umri wake, kisha Higger Tor, mita 434. Upepo wa huko juu haujui kiangazi, kwa hiyo koti la mvua liwe begani hata kama ulishuka stesheni jua likiwaka. Kutoka hapo njia inapinda kupitia Winyards Nick hadi Over Owler Tor, halafu inateremka kwenye maegesho ya Surprise View.

Wageni wengi hudhani nyanda hizi ni pori asilia. Siyo. Zamani palikuwa na miti. Ikakatwa, kondoo wakazuia mipya isiote, na wenye uwindaji wakawa wanachoma hetha kwa zamu ili ichipue majani mateke kwa ajili ya ndege wao, jamii ya kwale. Ushahidi uko mbele yako. Vuka tena barabara ushuke Bolehill. Mwanzoni mwa karne ya 20 hapa palikuwa na machimbo makubwa, yakitoa mawe ya kujengea mabwawa ya Howden na Derwent. Kazi ilipokwisha, miti yenye magome meupe ikaota yenyewe, na leo ni msitu mtupu. Katikati yake yamelala mawe ya kusagia, yamechongwa duara na kutobolewa kati, yakisubiri mnunuzi ambaye hakuja. Moja likikaa vizuri, tundu lake hujaa maji na majani makavu.

Shuka polepole kwenye mteremko mkali ambako zamani mabehewa ya mawe yaliteremshwa hadi relini. Mwishoni kuna kanisa dogo la Padley, mahali walipokamatwa mapadri wawili wa Kikatoliki mwaka 1588, wakauawa Derby mwezi uleule.

Mambo machache zaidi. Kupe wapo, hasa kwenye kangaga, na wengine hubeba ugonjwa wa Lyme: chomekea suruali kwenye soksi, jikague usiku. Mbwa afungwe kamba fupi kuanzia Machi hadi Julai, ndege wanataga chini. Simu hupoteza mtandao bondeni, hivyo beba ramani ya karatasi. Ukiumia piga 999, omba polisi, kisha waokoaji wa milimani. Ni watu wa kujitolea na hawatozi. Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni. Na utakaokutana nao njiani wasalimie. Waingereza walewale wasiokutazama kwenye treni, huku kilimani husalimia kila mtu.

Mkahawa wa stesheni hutoa chai kwenye magi kubwa, haina tangawizi wala iliki. Hufunga kabla ya jioni, kwa hiyo ukichelewa kushuka utasubiri treni na chupa yako ya maji.