Mahindi kwa Ndiyo, Maharage kwa Hapana

Somo la vikundi: Matendo ya Mitume 6:1–6

Katika somo hilo Mitume hawakuwateua wale watu saba wao wenyewe. Waliwaambia waumini wachague. Mwezi huu tuwatazame watu waliolishika jambo hilo kwa uzito, yaani Wapuritani wa Uingereza waliohamia Amerika katika miaka ya 1600. Habari yao yatuhusu, maana walitoka katika Kanisa letu la Kianglikana, na wengine walitoka kwa kusukumwa.

Kwanza tusichanganye makundi. Walikuwako waliojitenga kabisa na Kanisa la Uingereza, wakakimbilia Uholanzi. Mwaka 1620 baadhi yao walivuka bahari kwa merikebu iitwayo Mayflower. Abiria walikuwa 102, lakini si wote waliokuwa wa ushirika huo. Walipofika nje ya eneo waliloruhusiwa kukaa, baadhi ya wale wengine walianza kusema kwamba sasa hapana mwenye amri juu yao. Ndipo wanaume 41 wakatia sahihi mapatano mafupi ya kuwa jamii moja, kutunga sheria na kuzitii. Waliotia sahihi walikuwa wa pande zote mbili. Majira ya baridi yaliyofuata, karibu nusu ya abiria walikufa.

Kundi kubwa zaidi lilifika Massachusetts mwaka 1630, likiongozwa na John Winthrop, mwanasheria. Hawa walisema hawajaliacha Kanisa, ila wanalisafisha: waondoe maaskofu, kanzu na Kitabu cha Sala. (Msomaji aweza kuuliza ni nini kingebaki!) Walisafiri na hati ya mfalme mikononi badala ya kuiacha London, na hivyo kampuni ya biashara ikageuka kuwa serikali.

Ibada yao ndiyo iliyozaa siasa yao. Kila ushirika uliundwa kwa agano baina ya waumini, ukajichagulia mchungaji, bila askofu juu yake. Mtu aliyezoea kumchagua mchungaji haoni ajabu kudai amchague na gavana. Mwaka 1632 watu wa mji wa Watertown walinung'unikia kodi waliyotozwa pasipo kuulizwa. Kufikia mwaka 1634 miji ilikuwa ikipeleka wajumbe wake katika Baraza Kuu. Mwaka 1643 iliamriwa kwamba katika kuwachagua wasaidizi wa gavana, punje ya mahindi iwe ndiyo, na punje ya maharage iwe hapana.

Lakini mlango ulikuwa mwembamba. Tangu mwaka 1631 hapana aliyepewa kura ya koloni ila mshirika wa kanisa, na kuwa mshirika hakukuwa kuandikishwa jina tu. Mtu alisimama mbele ya watu akaeleza jinsi neema ya Mungu ilivyomgeuza moyo, nao wakapima kama ni kweli. Wanawake walipokewa ushirikani, ila kura hawakupewa. Asiye mshirika alilipa kodi, akatakiwa kuhudhuria ibada, na mambo makubwa yakaamuliwa bila yeye.

Waliokwenda kinyume walitolewa. Mwaka 1629, huko Salem, ndugu wawili, John na Samuel Browne, waliwakusanya watu kusali kwa Kitabu cha Sala, kitabu kile kile tunachokijua sisi, wakarudishwa Uingereza. Anne Hutchinson alihukumiwa mwaka 1637 kwa mafundisho aliyoyatoa nyumbani mwake. Mwaka 1660 Mary Dyer, wa dhehebu la Marafiki, alinyongwa mjini Boston kwa kuwa alifukuzwa naye akarudi.

Nilipofundisha historia katika chuo cha ualimu, wanachuo waliniuliza kila mwaka: yawezekanaje waliokimbia mateso wawatese wengine? Zamani nilijibu kwamba ni unafiki, na darasa likacheka. Siku hizi sijibu hivyo. Watu hawa waliamini kwamba nchi nzima imefungwa kwa agano na Mungu, na kosa la mmoja laweza kuwaletea wote ghadhabu, kama Akani katika kitabu cha Yoshua. Aaminiye hivyo hawezi kumwachia jirani dhamiri yake. Aona nyumba ya jirani ikiungua nayo imeshikana na yake. Wala sisi Waanglikana tusijisifu: William Laud, Askofu Mkuu wa Canterbury tangu mwaka 1633, aliwaandama wachungaji wa Kipuritani hata wengi wakahama.

Mmoja wao alilikata agano hilo katikati. Roger Williams, aliyehukumiwa kufukuzwa Massachusetts mwaka 1635, alifundisha kwamba hakimu hana amri juu ya dhamiri, na kwamba mfalme hakuwa na haki ya kugawa ardhi ya wenyeji. Mwaka 1636 alianzisha mji wa Providence kwenye ardhi aliyoipata kwa Wanarragansett wenyewe. Massachusetts haikulegeza upesi. Hati mpya ya mwaka 1691 iliondoa sharti la ushirika, kura ikapimwa kwa mali. Yaani mlango ulihamishwa, haukuondolewa.

Ya kuzungumza katika vikundi: Katika Matendo 6, manung'uniko yalitoka kwa nani, na kwa nini Mitume hawakuyanyamazisha? Na katika mtaa wetu, ni nani ambao sadaka yao twaipokea kila Jumapili, lakini siku ya mkutano hatuwaulizi neno?